Maharagi ya Wino

Baraka, siku ya Mungu, tarehe 11 Novemba 2001

Kwako pasa wangu Bertin, kambi ya Lugufu, ng'ambo ya ziwa.

Nakusalimia mara mbili, kwa sababu muntu aliyezaliwa na mwenzake hasalimiwi mara moja. Habari ya mwili? Ile malaria ya mwezi wa nane imekuachilia? Mama Nadège anayepeleka ndagala Kigoma, yule yule anayekuletea barua hii, alituambia umekonda lakini unacheka bado kwa sauti ya kuamsha kambi nzima. Nikasema basi, huyo njo Bertin, hawajamubadilisha. Huku mi niko muzima. Mama iko muzima pia, goti tu linamusumbua akipanda kutoka ziwani na ndoo. Nyumba imesimama. Mabati mawili yalienda na bantu tusiobajua, tumefunika pale na plastiki, na mvua imekubali kupita pembeni. Mihogo mwaka huu imetuhurumia.

Sasa kaa chini, na usiruke kwenda ukurasa wa mwisho, nakujua we. Niko na habari kubwa, na tamu, lakini utaingojea kwa zamu yake kama vile mi nilivyoingojea.

Unakumbuka nilitoka Bukavu mwaka wa 1998, vita ikiwa mugongoni, masomo yote yamekwisha ila kitabu kimoja cha kumalizia, ile tunayoita mémoire. Kitabu hicho kililala ndani ya sanduku miaka mitatu. Nilifundisha batoto hapa Baraka, siku zile masomo yaliwezekana, na nikajidanganya kwamba chuo hakitakimbia. Mwezi wa sita mwaka huu ikafika barua ya chuo: mwanafunzi wa zamani ambaye hatatetea mémoire yake mbele ya juri ya maprofesa kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi, jina lake linafutwa, na akitaka kurudi aanze mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza, Bertin, na umri huu wetu! Nililia nusu saa, nikapangusa uso, nikafungua sanduku.

Kazi yenyewe nilipewa zamani na Profesa Casimir, ule muzee mwembamba anayefundisha chembe ndogo za maada. Nitakueleza kama vile nilivyoeleza bamama, na usiseme hujaelewa, kwa sababu hesabu ilikupenda we kuliko mimi. Kila chembe ya maada iko na mwenzake wa kinyume. Banafanana uzito, banafanana umri, ila chaji imegeuzwa. Zamani bantu ba sayansi baliamini kwamba dunia haibagui kati ya hao wawili: ukigeuza maada yote kuwa kinyume, na kuume kuwa kushoto, kila kitu kitaendelea vile vile. Hiyo njo tunaita ulinganifu. Kisha bakakuta ulinganifu huo uko na ufa mwembamba, na swali likawa ufa ni mukubwa kiasi gani kwa chembe nzito, zile zisizodumu. Kwa hiyo banajenga mashine kubwa, banagonganisha miali miwili, na pale inapogongana chembe nzito inazaliwa pamoja na kinyume chake, bawili bawili. Banaishi muda mufupi kuliko kufumba jicho, mufupi mara mabilioni, halafu banavunjika.

Mumoja wao akivunjika anaacha alama ya kusema kama alikuwa maada ao kinyume. Huyo nilimuita shahidi. Mwenzake njo tunamuchunguza. Na hapa fungua macho, kwa sababu hapa njo palitaka kuniua: lazima ujue nani ametangulia. Kama shahidi ametangulia kuvunjika, tofauti inaegemea upande huu. Kama amefuata, inaegemea upande ule, kwa kadiri ile ile. Ukichanganya bila kujua nani ametangulia, zinafutana, unabaki na sifuri mukononi. Kwa sababu hiyo kule kwenye mashine mwali mumoja unapewa nguvu kuliko mwingine, ili bale bawili basukumwe mbele badala ya kuvunjikia pale bamezaliwa, na umbali kati yao useme nani alikuwa wa kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kuonyesha, kwa kupiga kura badala ya kugonganisha miali, kama njia hiyo ya kuhesabu inaweza kweli kuona tofauti. Mahali pengine kura hizo zinapigwa na kompyuta. Baraka kompyuta iko wapi? Hapa hata nyundo tunaazima. Mi niko na maharagi.

Nikashona mifuko kumi na miwili ya kitambaa. Ndani nikatia maharagi meupe ya aina moja, na machache nikayatia tone la wino wa kalamu. Muntu anachovya mukono bila kuangalia, anatoa haragi, analirudisha, anatikisa, anatoa tena, na anahesabu mara ngapi mpaka wino utoke. Hesabu hiyo njo maisha ya chembe moja. Maisha ya mwenzake yanatoka kwa mufuko wa pili. Tofauti ya maada na kinyume niliificha mwenyewe ndani ya mifuko, kwa kufuata kanuni za kitabu, na bale ba kuhesabu sikubaambia iko upande gani. Kama njia ni nzuri, bataikuta bila kuambiwa. Wasipoikuta, mémoire yangu haina kichwa wala miguu.

Na nani angehesabu? Bamama ba kwaya! Mama Marthe, unamujua, ule mwenye kuongoza sauti ya tatu, alikubali kwamba kila siku ya mazoezi baimbe saa moja na bahesabu saa moja, kanisani, mchana. Nilibaeleza chembe hizo ni mapasa: zinazaliwa pamoja, zinaenda pamoja, na sisi tunaandika ndani ya daftari nani alikuwa shahidi wa namna gani, na tunatia musitari chini ya aliyetangulia. Bakafurahi sana. Mama Marthe mwenyewe, kama unavyojua, alizaa mapasa. Mara nyingine nilikuta banaimbia maharagi wimbo wa kupokea mapasa, na mi nikaona nimekuwa mwalimu hodari.

Katikati ya kazi, mwezi wa saba, redio ikatangaza kwamba bikundi viwili, kimoja Amerika na kimoja Japani, bamehesabu mamilioni ya mapasa ya chembe nzito na bamekuta ufa uko kweli, tena mukubwa. Nilipiga kelele mpaka mama akafikiri bantu ba bunduki bamerudi. Niliona barabara imefunguka mbele yangu. Mwezi wa nane bamama bakamaliza mapasa elfu moja na mia mbili, nikakaa na madaftari siku tatu, nikajumlisha, nikagawa, nikapata sifuri. Si sifuri ya karibu karibu. Sifuri safi. Dunia nzima imeona ufa, na mi niliyeuficha na mikono yangu siuoni! Nilirudia hesabu mara nne. Siku ya tano sikula. Mama aliniambia niache hiyo kazi ya kuhesabu vitu ambavyo hata Mungu amevifunika, nifundishe batoto kusoma, inatosha. Nilikaribia kumusikiliza.

Kilichoniokoa ni jambo dogo. Nilihesabu mistari tu, peke yake: mara ngapi shahidi ametangulia, mara ngapi amefuata. Mia sita kwa mia sita. Bertin, we unajua kura. Rusha sarafu mara elfu moja na mia mbili, haitakupa mia sita kwa mia sita hata uombe. Itakupa mia sita na ishirini, mia tano na themanini, kitu cha kuchechemea kidogo. Usawa ule haukutoka kwenye mifuko. Ulitoka kwa bantu.

Nikaenda kwa Mama Marthe, nikamuuliza polepole, nikiogopa kumuumiza. Hakuumia hata kidogo. Alinishangaa mi. Alisema ni nani asiyejua kwamba kwa mapasa hausemi huyu ametangulia, huyu amefuata? Ukimupa mumoja kitambaa, unamupa na mwenzake. Ukimusifu mumoja, unamusifu na mwenzake, la sivyo mumoja anagonjwa na nyumba inavurugika. Kwa hiyo bamama balikubaliana tangu siku ya kwanza, kwa heshima na kwa upendo, kwamba musitari utapewa huyu leo na yule kesho, zamu kwa zamu, ili pasta asije kusikia kwamba kwaya inabagua mapasa. Na akanikumbusha kwamba mama yetu mwenyewe, tangu tuzaliwe, hajasema ni nani kati yetu alitoka kwanza, na mbona sikulalamika?

Nilikaa chini pale pale kwenye mulango wake, nikacheka mpaka machozi. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu ilikuwa tayari mwisho wa mwezi wa nane. Kosa lilikuwa langu kabisa. Kule kote bantu ba sayansi banaweza kukosa kwa njia elfu, lakini hilo kosa, kosa la heshima, lilihitaji kwaya ya Baraka.

Kesho yake nilifuta neno mapasa. Nikaambia bamama kwamba tumeacha mambo ya uzazi: sasa ni pikipiki mbili zinatoka Lulimba kwenda Misisi, barabara mbovu, kila moja itaharibikia mahali pake, na tunataka kujua ipi imeharibika kwanza. Oo, hapo ungewaona! Kwa pikipiki hakuna heshima. Balishangilia, balicheka bale bamezimika njiani, bakagombana juu ya nani wa kwanza mpaka nikaweka mwamuzi. Mistari ikaanza kuchechemea kama inavyotakiwa.

Tulikuwa tumefikisha mia tisa siku ile risasi zilipolia upande wa Mutambala. Ilikuwa saa tisa ya mchana, bote tulikuwa kanisani. Tulikimbia kwa mulango wa nyuma, tukaelekea milimani njia ya Fizi, mi nimemushika mama mukono, na nilipogeuka nikakumbuka madaftari yamebaki juu ya meza. Nilitaka kurudi, mama akanikatalia kwa kilio. Tulilala porini siku sita, na siku zote sita niliona jina langu likifutwa. Tuliporudi, meza ya kanisa ilikuwa imekwisha kuwa kuni za muntu. Basi, nikasema, imekwisha. Jioni ile Mama Marthe akapita nyumbani akiwa na mufuko wa unga wa mihogo kichwani, akautua, akachovya mukono ndani ya unga, akatoa madaftari sita moja moja, meupe kama mizimu. Aliniambia kwamba kwa muda mi nilikuwa napiga kelele ya kukimbia, yeye alikuwa anakusanya pikipiki zake.

Hesabu ya mia tisa nilifanya mbele yake. Pale shahidi ametangulia: mashahidi ba maada mia mbili sitini na nane kwa ba kinyume mia moja themanini na nne. Pale amefuata: mia moja themanini na moja kwa mia mbili sitini na saba. Umeona? Inaegemea huku, halafu inaegemea kule! Ukichanganya yote, mia nne arobaini na tisa kwa mia nne hamsini na moja, hakuna kitu, sifuri, kama mwanzo. Tofauti ilikuwa imelala ndani muda wote, inangoja tu kuulizwa nani ametangulia. Tulicheza, Bertin. Mi na Mama Marthe tulicheza ndani ya ua mpaka mama na goti lake akatoka kuuliza nani ameolewa.

Niliandika kitabu kwa mukono kwa wiki mbili, nikachukua mashua mpaka Uvira, nikapanda lori la kwenda Bukavu. Baada ya Uvira, kwenye bariera, pale banafunga barabara, baaskari bakafungua kifurushi changu, bakakuta mifuko ya maharagi yenye madoa na madaftari ya mistari na hesabu. Walisema ni hesabu ya bantu na bunduki, ya kupelekea maadui. Nilishushwa. Ilikuwa tarehe 25, na juri yangu tarehe 27. Niliwaeleza, kadiri nilivyoeleza njo walizidi kukasirika. Bakamuita mukubwa wao, sajini Byiringiro, mwanaume wa milimani, mvi zimeanza kichwani. Alisoma daftari kurasa nyingi. Kisha akasema kwamba kabla ya vita alikuwa mwalimu wa hesabu kule juu, na akaniomba nipige kura mbele yake. Tulipiga pikipiki kumi na mbili pale pembeni ya barabara, baaskari bakashikilia timu. Mwishoni akaniuliza, kwa sauti ya chini, ingekuwaje kama maada na kinyume chake bangekuwa sawa kabisa kwa kila kitu. Nilimujibu kwamba tunavyofikiri, bangekutana bote na kumalizana, ingebaki mwanga mutupu, hakuna ziwa, hakuna ng'ombe, hakuna bariera. Akaamuru kifurushi changu kifungwe vizuri, haragi moja lisianguke, na akamuambia dereva aniwekee kiti cha mbele.

Na sasa habari. Tarehe 27 mwezi wa kumi, saa nne ya asubuhi, mbele ya juri ya batatu, dada yako alitetea, saa moja na nusu, kwa miguu yake. Nimefaulu, Bertin! Nimefaulu na distinction! Niko na licence, digrii ya fizikia! Nilipofika hapa, kwaya ilinipokea ufukoni na ngoma, Mama Marthe mbele, akiimba kwamba pikipiki imefika Misisi. Jina langu halikufutwa. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi ingine ili niione tu.

Hapa ningeweza kufunga barua. Lakini lazima nikuambie swali la mwisho la juri, na hapa mukono unakuwa muzito.

Profesa Casimir alichukua mufuko mumoja, akachovya mukono, akatoa haragi, akaligeuza. Akauliza kwa nini nimehangaika na wino. Kwa nini sikuchanganya tu maharagi mekundu na meupe, kama bafanyavyo bote? Nikajibu kwamba haragi jekundu na jeupe hayalingani ukubwa, na ngozi yake si moja. Macho yamefungwa, lakini vidole vinaona, na muntu anayetaka jekundu atalipata. Muzee akasema kwamba miaka yote ya kufundisha hajapata mwanafunzi aliyefikiria vidole, na akauliza nimejua wapi. Nikasema ni ujuzi wa jikoni. Bakacheka bote, bakaandika. Baadaye aliniambia kwamba jibu lile njo lilinipa distinction.

Ndugu yangu, si ujuzi wa jikoni. Mwaka wa 1994, kanisa lilipokubali kusomesha mumoja tu kati yetu Bukavu, na marehemu baba akakataa kuchagua kwa sababu mapasa habachaguliwi, unakumbuka walitupigia kura: haragi jekundu na jeupe ndani ya kikombe cha bati, mwenye kutoa jekundu anaenda. We ulisema mi nianze. Asubuhi ile mi njo nilimuchagulia mama maharagi hayo. Nilitafuta jekundu nene kuliko yote ndani ya nyumba, na jeupe dogo, la kukunjamana. Nilipotia mukono sikupiga kura. Niligusa, nikachukua. Na we ulicheka, ukanibebea sanduku mpaka kwenye mashua, ukaenda kuchimba dhahabu Misisi, kisha vita, kisha kambi. We uliyekuwa unanisahihishia hesabu. Hujasema neno hata siku moja. Mi nimekaa na haragi lile miaka saba.

Ningetaka kusema nilikuwa mutoto. Tulikuwa na miaka kumi na tisa, nilijua. Profesa anatufundisha kwamba kila kosa la mukono wa mupimaji, kama linajulikana, lazima liandikwe, hata kama linaharibu kazi. Haya yote nimeandika ndani ya mémoire, makosa ya bamama, ya unga, ya mistari. Hili moja lilikuwa halijaandikwa popote. Naliandika hapa. Naomba msamaha wako, na sitakuambia unipatie.

Kabla ya kuondoka Bukavu niliingia bureau ya maandikisho na diploma yako ya serikali, ya kumaliza sekondari, ile mama alificha ndani ya mto wake wa kulalia tangu 1994. Walisema bado iko na nguvu. Nimeandikisha jina lako, mwaka wa kwanza wa fizikia, masomo yanaanza mwezi wa kwanza. Chuo kimenipa kazi ya kusaidia Profesa, na kitanda cha pili kiko ndani ya chumba changu. Njia najua si salama, na Mama Nadège atakuambia siku nzuri ya kuvuka. Hakuna kura safari hii, Bertin. Kiti ni chako. Kama umenikasirikia, ni haki yako, kasirika mpaka ushibe. Ila ukuje unikasirikie Bukavu, darasani, mi nikiwa mbele na chaki na we ukinisahihisha mbele ya bantu.

Mama anakusalimia na anasema uvae sweta. Mama Marthe na kwaya nzima banakusalimia. Umusalimie jirani yako wa hema, ule anayekupikia ukigonjwa. Mungu akulinde juu ya maji.

Ni mimi, pasa wako,

Georgette